Shajara ya Septemba: Kuhama Nyumba Bila Kukatisha Masomo ya Watoto

Tarehe 1 Septemba

Asubuhi tumefungua mwaka mpya wa masomo, na jioni tumefunga boksi la kwanza la kuhamia. Hatukupanga mambo haya mawili yakutane. Mkataba wa nyumba mpya ulicheleweshwa tangu kiangazi, na sasa lori litakuja tarehe 18, katikati kabisa ya majuma ambayo kwa kawaida huwa ni ya kuwarudisha watoto kwenye ratiba baada ya mapumziko marefu. Kwa hiyo nimeamua kuiandika shughuli yote kama mradi mmoja, wenye tarehe, vipimo na matokeo, ili mwezi utakapokwisha nijue kwa hakika ni kipi kilifanyika na ni kipi hakikufanyika.

Watoto wetu ni watatu. Kifungua mimba ni msichana wa miaka 12, anayemfuata ni mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ni msichana wa miaka 4 ambaye hana masomo rasmi bado, lakini hakubali kuachwa nje ya jambo lolote. Asubuhi ninawasomesha mimi. Baba yao hushika hisabati ya mkubwa mara mbili kwa juma baada ya kazi, na tangu leo yeye pia ndiye msimamizi wa maboksi.

Lengo tulilojiwekea ni dogo, nasi tumelifanya dogo kwa makusudi. Tumechagua mambo matatu yasiyopaswa kukatika: kusoma kwa sauti, hisabati, na kipimo kimoja cha nje kila siku yenye jua. Mengine yatafanyika yakipata nafasi. Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu Mwingereza ambaye mawazo yake yanategemewa na wengi wanaosomesha watoto nyumbani, alisisitiza vipindi vifupi, vya dakika 15 hadi 20 kwa watoto wadogo, na alitaka mtoto asikilize mara moja tu kisha asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Ninaona utaratibu huo unafaa hasa wakati wa vurugu kama huu, kwa kuwa dakika 20 hupatikana hata penye maboksi hadi mlangoni, ilhali saa tatu mfululizo hazipatikani.

Kipimo cha nje ni kivuli cha fimbo. Tumesimamisha uani fimbo yenye urefu wa mita 1, tukaihakiki kwa timazi iliyotengenezwa kwa uzi na nati ya chuma, kisha watoto wakapima kivuli chake kila baada ya dakika kumi mpaka kilipofika ufupi wake wa mwisho na kuanza kurefuka tena. Kwa leo kivuli kifupi kuliko vyote kilikuwa sentimita 75. Mvulana alisumbuliwa sana na jambo moja: hakikutokea saa sita kamili. Tulitumia muda mrefu kuzungumzia tofauti kati ya saa ya ukutani, ambayo hufuatwa na ukanda mzima, na jua, ambalo hufika juu kabisa kwa kila mahali kwa wakati wake. Msichana mkubwa amechora jedwali kwenye karatasi kubwa, tarehe zikienda kwa mlalo na urefu wa kivuli ukipanda kwa wima, akalibandika mlangoni mwa jikoni.

Tarehe 4 Septemba

Maboksi 11. Leo boksi lilipasuka.

Lilikuwa boksi kubwa, nami nilikuwa nimelijaza vitabu vya rafu nzima kwa sababu lilikuwa karibu na lilikuwa tupu. Baba yao alipolinyanyua na kufika nalo ngazi ya tatu, kitako kilifunguka polepole, upande mmoja kwanza, na vitabu vikaanza kuteremka ngazi kimoja baada ya kingine, vingine vikitua kwa mgongo na kufunguka kurasa. Hakuna aliyeumia. Vitabu viwili vimepasuka majalada, na kimojawapo ni kile nilichosomewa nilipokuwa mdogo, jambo lililonihuzunisha kuliko nilivyowaonyesha watoto.

Somo la hisabati lililokuwa limepangwa liliahirishwa, na badala yake tukaketi ngazini na mizani na rula. Boksi dogo tulilo nalo lina sentimita 40 kwa 30 kwa 30, yaani ujazo wa lita 36. Lile kubwa lina 60 kwa 40 kwa 40, yaani lita 96. Mvulana alijaza boksi dogo kwa vitabu, tukalipima, likawa na kilo 24. Dada yake akagawanya na kuzidisha, akapata kwamba boksi kubwa likijazwa vitabu hivyo hivyo litafikia kilo 64, uzito ambao mtu mmoja hapaswi kuubeba ngazini, na ambao karatasi ya boksi haikutengenezwa kuuhimili. Mvulana hakuridhika. Alikuwa akiyaangalia maboksi mawili kwa macho, na kwa macho kubwa halionekani kulizidi dogo kwa kiasi hicho. Nikampa vipande vya mbao vya kuchezea vya mdogo wake, vyote vyenye umbo la mchemraba, nikamwomba ajenge mchemraba ambao kila upande wake ni mara mbili ya kipande kimoja. Alitumia vipande vinane. Akaubomoa, akaujenga tena, akavihesabu upya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pande ni mara mbili, lakini ndani ni mara nane."

Tangu hapo kanuni ya nyumba ni kwamba vitabu vinakwenda kwenye boksi dogo, na mito na mablanketi kwenye kubwa. Kitako kinafungwa kwa selotepu kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo zote mbili, kama herufi H iliyolala. Mvulana amejiteua mkaguzi wa vitako.

Tarehe 8 Septemba

Maboksi 19. Kivuli sentimita 82.

Majani ya mti ulio mbele ya dirisha la chumba cha kusomea yameanza kugeuka rangi kwenye matawi ya juu. Sisi huyaita majira haya vuli, ingawa katika Kiswahili neno hilo kwanza ni la mvua, na kila mwaka huniwia vigumu kuwaeleza watoto kwa nini neno moja linabeba mvua huku na kupukutika kwa majani kule. Leo tumekusanya majani ya rangi tofauti kutoka kwenye mti mmoja na kuyapanga mezani kutoka la kijani kibichi hadi la manjano. Msichana mkubwa alisoma kuhusu umbijani, au klorofili kama vitabu vingi vinavyoiita sasa: mchana unapofupika na baridi kuingia, mti huacha kuitengeneza upya, ile iliyopo huvunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo ndani ya jani hurudishwa matawini kabla jani halijaachiliwa. Rangi ya manjano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu na kijani. Nyekundu, kwa upande wake, katika miti mingi hutengenezwa upya wakati huu. Baada ya hapo tukaangalia kwa lenzi mahali kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, ambako mti hujenga utando mwembamba wa kulitenga jani na kuziba jeraha kabla jani halijaanguka. Somo hili lilichukua dakika 40, mara mbili ya lilivyopangiwa, nami sikulikatiza.

Jioni, kitinda mimba aliniuliza nyumba hii itabaki na nani. Nikamjibu kwamba kuna familia nyingine itakayohamia. Akafikiri, akauliza tena kama familia hiyo itajua kwamba mlango wa bafu lazima usukumwe kwa bega. Nilimwahidi kwamba tutawaandikia. Tuliandika pamoja barua fupi, yeye akinitajia na mimi nikiandika, na bila kutarajia hiyo ikawa kazi yake ya kwanza ya utungaji: mlango wa bafu, ubao wa sakafu unaolia, na ndege anayekuja dirishani asubuhi. Barua imewekwa kwenye droo ya jikoni. Ameniomba mara mbili tuhakikishe bado imo.

Tarehe 11 Septemba

Nyumba mpya tuliitembelea jana na futi kamba, daftari na penseli, na leo asubuhi msichana mkubwa amekamilisha ramani ya vyumba vyote kwa skeli ya 1:50, yaani kila mita 1 ya nyumba ni sentimita 2 za karatasi. Chumba cha watoto wawili wakubwa, chenye mita 4.2 kwa 3.5, kimekuwa mstatili wa sentimita 8.4 kwa 7. Samani zote amezikata kwa karatasi ngumu kwa skeli hiyo hiyo, na kwa saa nzima yeye na kaka yake walisukuma vitanda na meza hapa na pale bila kuinua kitu kizito hata kimoja. Nimewahi kufundisha mzingo na eneo kwa kutumia vitabu vitatu tofauti, na hakuna hata kimoja kilichowafanya wabishane kwa hoja kama walivyobishana leo juu ya sentimita mbili za karatasi.

Lakini lililonifunza mimi lilitokea alasiri. Kabati letu la nguo lina urefu wa sentimita 205 na kina cha sentimita 60. Dari ya chumba cha juu cha nyumba mpya iko sentimita 212 kutoka sakafuni. Mimi na baba yao tulikwisha kukubaliana kwamba litaingia, kwa kuwa 205 ni ndogo kuliko 212, na tukaendelea na mengine. Binti yetu akauliza litaingiaje mlangoni. Likiwa limelazwa, nikamjibu, kwa sababu mlango ni mfupi kuliko kabati. Akauliza litasimamishwaje likiwa ndani. Hapo tukanyamaza wote wawili.

Akachora ubavu wa kabati, akavuta mstari kutoka kona moja ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, akasema kwamba wakati wa kulisimamisha, mstari huo ndio utakaopita wima chini ya dari, na si urefu wa kabati. Kanuni ya Pythagoras alijifunza mwezi Mei, nami nilidhani imelala. Mraba wa 205 ni 42,025, mraba wa 60 ni 3,600, jumla yake ni 45,625, na kipeuo chake cha pili ni 213.6. Lingegonga dari likiwa limebakiza sentimita 1.6 tu. Baba yao alirudia hesabu mara mbili kwenye karatasi yake, kisha akaenda kutafuta bisibisi. Kabati litafunguliwa vipande hapa hapa, na skrubu za kila kiungo zitatiwa kwenye mfuko wake na kubandikwa kwenye kipande kinachohusika. Ninaandika haya kwa kirefu kwa sababu ninafahamu ni mara ngapi mtoto huuliza hesabu fulani itamsaidia wapi maishani, na mara nyingi jibu letu huwa la kubuni.

Tarehe 13 Septemba

Siku ya karatasi. Kila familia inayosomesha nyumbani inajua kwamba sheria zake hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali: Ujerumani huwataka watoto wahudhurie shule, na masomo ya nyumbani karibu hayaruhusiwi kabisa, ilhali nchini Marekani yanaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina masharti yake kuhusu taarifa, kumbukumbu na mitihani. Sisi hatuvuki mpaka wa nchi, lakini ofisi ya elimu inayotuhusu inabadilika. Nimetuma taarifa ya kuhama kwa ofisi zote mbili, nimehifadhi nakala, na nimekusanya kazi za watoto za mwaka uliopita katika jalada moja lenye tarehe. Jalada hilo, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo, halitapanda lori. Litakuwa mikononi mwangu.

Tarehe 15 Septemba

Maboksi 47. Kivuli sentimita 90.

Ninapaswa kuwa mkweli hapa. Juma lililopita niliandika kwenye daftari la mahudhurio "siku kamili" kwa siku mbili ambazo hazikuwa kamili. Ijumaa, kwa mfano, tulisoma kwa sauti kwa dakika 15, kisha watoto wakafungasha vyombo kwa saa nne, nami nikaiandika siku hiyo kuwa ya "stadi za maisha". Ni kweli kwamba kuhama kuna masomo ndani yake. Nimeyaandika hapa kwa furaha. Lakini mtoto anayefunga sahani kwa magazeti kwa saa nne anafanya kazi ya nyumba, na ni kazi nzuri anayostahili kushukuriwa, bila ya kuipa jina la somo. Nikiendelea hivyo, nitafika Oktoba bila kujua walipo. Nimezirekebisha siku hizo mbili kuwa nusu, na nimewaeleza wakubwa sababu.

Mchana unafupika kwa karibu dakika tatu kila siku katika majuma haya, nasi tunauhisi ufupi huo. Kazi tuliyokuwa tukiifanya uani baada ya chakula cha jioni sasa inahitaji taa. Kitinda mimba, ambaye majira ya joto alikataa kulala kwa hoja kwamba jua bado lipo, amepoteza hoja yake, na amelala mapema siku tatu mfululizo.

Tarehe 17 Septemba

Maboksi 63, na kabati liko vipande vipande. Kivuli cha mwisho katika ua huu kilikuwa sentimita 93. Mvulana aliing'oa fimbo mwenyewe, akalifukia shimo, akalisawazisha kwa kiganja. Jana alianza kugawanya kwa hesabu zenye baki, na alizifanya tano kwa usahihi. Ninaliandika hilo hapa ili tujue alipofika.

Boksi la masomo lina daftari mbili kwa kila mtoto, kitabu tunachokisoma kwa sauti, rula, penseli na lile jedwali la kivuli likiwa limeviringishwa. Limeandikwa pande zote sita.

Tarehe 18 Septemba

Lori. Hatukusoma.

Tarehe 21 Septemba

Ninaandika kwa siku tatu kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na meza wala utulivu.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba vitanda vitafungwa kabla ya kitu kingine chochote, na ninaliona hilo kuwa uamuzi bora wa mradi mzima. Kufikia magharibi ya siku ya lori watoto wote watatu walikuwa na godoro, shuka zao za zamani na taa. Kitinda mimba alizunguka vyumba vyote akiwa amekumbatia mto wake, akarudi, akakikuta kitanda chake kikiwa na blanketi lake, akapanda bila kuambiwa. Usiku wa manane alikuja kwetu, na usiku uliofuata pia. Usiku wa tatu alilala hadi asubuhi.

Lililokwenda vibaya ni boksi la masomo. Lilipaswa kusafiri nasi garini, lakini katika pilika za asubuhi mmoja wa wapakizi aliliona sebuleni pamoja na mengine akalipandisha lori, na likaishia nyuma ya kila kitu, chini ya magodoro na meza. Tumelipata jana jioni. Mtandao wa intaneti nao haujaunganishwa, ingawa kampuni ilituahidi kuwa tungeukuta ukifanya kazi. Kwa hiyo tarehe 18, 19, 20 na 21 zimeandikwa kwenye daftari la mahudhurio kwa neno moja: hapana. Usomaji wa sauti tu ndio uliookoka, kwani msichana mkubwa alikuwa ameweka kitabu kingine kwenye mkoba wake, akawasomea wadogo zake juu ya godoro bila mimi kumwambia. Bibi yao alipopiga simu, mvulana alimsimulia hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio ambao hakuwahi kunipa mimi.

Tarehe 22 Septemba

Fimbo imesimama tena, na timazi imekubali baada ya majaribio manne kwa sababu ua huu una mteremko. Kivuli sentimita 99. Mvulana alikimbia kuliweka jedwali ukutani, akasimama mbele yake kwa muda, kisha akaanza kulia. Sikuelewa upesi. Alikuwa akiangalia pengo. Kati ya alama ya tarehe 17 na ya leo kulikuwa na nafasi nyeupe ya siku nne, na aliniambia kwamba jedwali limeharibika.

Nilimketisha nikamwuliza kama jua lilisimama siku hizo nne. Akasema hapana. Je, kivuli kilirefuka hata kama hatukuwepo kukipima? Akasema ndiyo, ila hatujui kwa kiasi gani. Tukapiga hesabu pamoja: kutoka 93 hadi 99 ni sentimita 6, kwa siku tano, yaani 1.2 kwa siku. Akaongeza 1.2 kwa kila siku, akapata alama nne. Alipochukua kalamu ya wino kuzitia, dada yake akamshika mkono, akasema wino ni wa zile tulizozipima. Hizi akazitia kwa penseli, duara tupu badala ya nukta, na chini akaandika kwa mwandiko wake: "Siku hizi tulikuwa tunahama. Hizi ni za kukadiria."

Nimelirudia daftari langu la mahudhurio usiku huu, na nimeziacha zile siku nne kama zilivyo.

Tarehe 24 Septemba

Jana kivuli kililingana na fimbo: sentimita 100 kwa mita 1. Watoto walidhani wamekosea, wakapima tena. Siku za tarehe 22 au 23 Septemba, kutegemea mwaka, jua huwa juu ya ikweta, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Na kwa kuwa sisi tuko karibu nusu ya njia kati ya ikweta na ncha ya kaskazini, yaani kwenye latitudo inayokaribia digrii 45, jua la adhuhuri siku hiyo humulika kwa pembe inayokifanya kivuli kiwe sawa na fimbo. Msichana mkubwa alichora pembetatu yake yenye pande mbili sawa bila msaada.

Upande wa pili, hesabu za kugawanya zenye baki zimepotea. Zile tano alizozifanya mvulana tarehe 16 hakuweza kufanya hata moja leo, na ilimuuma. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema baada ya kujifunza, kisha mwendo wake hupungua. Kosa langu basi si zile siku nne zenyewe, bali ni kumwanzishia jambo jipya siku mbili kabla ya lori. Ningempa marudio ya anayoyajua. Tumerudi nyuma hatua mbili, kwenye majedwali ya kuzidisha, dakika kumi asubuhi na dakika kumi baada ya chakula cha mchana, bila jambo lolote jipya hadi mwisho wa juma.

Tarehe 29 Septemba

Kivuli sentimita 109. Maboksi ambayo hayajafunguliwa ni 21. Kabati limesimama kwenye chumba cha juu, limeunganishwa likiwa wima, na kati yake na dari mna sentimita 7.

Juma hili tumesoma kuhusu Eratosthenes, aliyeishi Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo na kuupima mzingo wa dunia kwa kivuli. Alijua kwamba adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua huwa utosini kule Syene, ambayo leo ni Aswan, ilhali siku hiyo hiyo huko Aleksandria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu 1 kati ya 50 za duara, kama digrii 7.2, kwa hiyo umbali kati ya miji hiyo miwili ulikuwa sehemu 1 kati ya 50 za mzunguko wa dunia. Msichana mkubwa akauliza mara moja kama sisi hatuwezi kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa tumepima vivuli katika nyumba mbili.

Lilikuwa swali zuri kiasi kwamba tuliahirisha mengine yote. Kilomita 20 zinazozitenga nyumba zetu mbili, hata zingekuwa zote za kwenda kaskazini moja kwa moja, ni chini ya moja ya tano ya digrii, kwani digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa fimbo ya mita 1 tofauti hiyo ni kama milimita 6 za kivuli. Akasema milimita 6 zinapimika. Tukatoka nje na rula kuangalia ncha ya kivuli kwa karibu, tukiwa tumepiga magoti wote wanne, na hapo ndipo tulipoona kwamba kivuli hakina ncha. Kina giza, kisha kijivu, kisha mwanga, na hilo eneo la kijivu peke yake lilikuwa na karibu sentimita 2. Jua si nukta. Lina upana wa kama nusu digrii angani, na kila sehemu yake hutupa kivuli chake. Nyumba zetu mbili ziko karibu mno kwa fimbo yetu. Ameandika hayo kwenye daftari lake chini ya kichwa "Kwa nini hatukuweza", ukurasa mzima na nusu, na ndiyo insha yake bora tangu mwaka ulipofunguliwa.

Tarehe 6 Oktoba

Kivuli sentimita 120. Maboksi yaliyobaki ni 8, mengi yakiwa ya vitu ambavyo hakuna aliyeviulizia kwa majuma matatu. Intaneti ilikuja tarehe 30. Ofisi mpya ya elimu imethibitisha kupokea taarifa yetu.

Mvulana amerudi kwenye kugawanya tangu Alhamisi, na leo amefanya hesabu sita zenye baki, akikosea moja. Siku kamili za masomo tangu tarehe 22 ni 9, nusu ni 2. Historia haijafunguliwa kabisa, itaanza kesho. Kitinda mimba amegundua kwamba mlango wa bafu wa hapa hufunguka bila bega, na ameomba tuwaandikie barua waliohama nyumba hii tuwashukuru.

Jedwali la kivuli limefika mwisho wa karatasi kwa juu. Dada mtu ameunganisha karatasi ya pili kwa selotepu, na kaka yake amekagua mshono.